Mama mkwe halali kwa joto: AC, "pampu ya joto" na LUKU yako

*"Habari fundi. Tunaishi Shangani, Mtwara, nyumba ya vyumba vitatu, ya bati, dari ya silingi bodi, madirisha ya luva. Mama mkwe amehamia kwetu kutoka Newala, ana miaka sabini na kitu, na tangu Novemba iingie halali kwa joto. Tulinunua feni ya kuweka maji na barafu, chumba kikawa kama jikoni. Shemeji yangu yuko Uswidi, anasema tusinunue AC bali 'pampu ya joto', inapoza na kupasha, inakula umeme robo tu, na itampashia mama maji ya kuoga. Fundi wa kwanza anasema tuchukue AC ya BTU 18,000 ipoze haraka ijizime. Wa pili anasema AC ya inveta inakwenda hata kwa betri. Jirani anasema AC itamletea mama kichomi. Chumba ni futi 12 kwa 12. Tuna friji na LUKU yetu haifiki 10,000 kwa mwezi, kwa hiyo naogopa. Nifanye nini?"*

Dada yangu, pole kwa kukesha. Umenitajia watu watano na kila mmoja amekupa kipande cha ukweli na kipande cha porojo, ila aliyekuuzia feni ya maji. Huyo kakupa porojo tupu, nitamrudia.

Kabla sijagusa bisibisi, niseme la mama. Mtu wa umri wake kukosa usingizi kwa joto ni karaha, lakini ukiona ameanza kuchanganya maneno, ngozi imekuwa ya moto, hakojoi kama kawaida au anasinzia mchana kutwa bila kuamshika vizuri, hilo si suala la AC tena. Mpelekeni hospitali ya Ligula siku hiyo hiyo. Wazee hawasikii kiu mapema kama sisi. Mpe maji bila kungoja aombe, na kama anatumia dawa za presha, muulize daktari kama kuna haja ya kuzipitia upya kipindi hiki cha joto.

Sasa shemeji. Anachokiita pampu ya joto unakifahamu tangu zamani: ni friji yako, na ni AC yoyote unayoiona ikining'inia ukutani mjini. Wengi tunadhani AC inatengeneza baridi. Haitengenezi kitu. Inachukua joto lililomo chumbani na kwenda kulimwaga nje, kama mtu anayechota maji ya mafuriko sebuleni na kuyatupa uani.

Inafanyaje? Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha pampu kwa nguvu mara ishirini. Utasikia pampu yenyewe imepata moto, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Sasa kumbuka mtungi wa gesi ya kupikia siku ya shughuli, jiko kubwa limewaka tangu asubuhi: mtungi unakuwa baridi na kutoka jasho ubavuni. Mle ndani gesi iko katika hali ya maji, inachemka kuwa mvuke, na kitu hakichemki bila kunyonya joto kutoka mahali fulani, kwa hiyo inalinyonya kwenye mtungi. AC ni mambo hayo mawili yameunganishwa kwa bomba la shaba. Mashine ya ndani ndiyo mtungi unaotoka jasho. Mashine ya nje, penye kompresa, ndiyo pampu ya baiskeli. Gesi inazunguka baina yao, inabeba joto kutoka ndani na kulishusha nje, mwaka baada ya mwaka, ile ile.

Nasisitiza "ile ile" kwa sababu hapa mjini kuna desturi ya "kuongeza gesi" kila mwaka kama unavyobadilisha oili ya pikipiki. Gesi ya AC hailiwi. Ikipungua inavuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Gesi iliyomo kwenye mashine nyingi mpya huitwa R-32. Ukiiacha wazi inachemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri. Kwa gesi ya namna hiyo hata theluji ya Uswidi ni jiko. Ndiyo maana kule wanaigeuza mashine: kuna vali inayobadilisha mzunguko, joto likanyonywa nje kwenye baridi na kuletwa ndani. Hita ya waya, ile inayokuwa nyekundu, ikila yuniti moja ya umeme inakupa yuniti moja ya joto, basi. Pampu ya joto ikila yuniti moja inabeba tatu, pengine nne, maana yenyewe haizalishi joto, inalisomba tu. "Robo" ya shemeji inatoka hapo. Hasemi uongo, ila analinganisha na hita ya waya, na ninyi hamna hita ya waya. Mna feni. Kutoka feni kwenda AC, gharama inapanda, haishuki.

(Pampu ya joto ya mwanzo kutumika kazini ilijengwa Austria miaka ya 1850 na mhandisi Peter von Rittinger, na kazi yake ilikuwa kukausha maji ya chumvi. Kila nikipita kwenye mashamba ya chumvi huku kwetu, jua linafanya kazi ile ile bila bili, huwa nacheka peke yangu.)

Kwa hiyo ukienda dukani hutafuti kitu kingine tofauti na AC. Zile zilizoandikwa kuwa ni za moto na baridi ndizo zenye vali ya kugeuza. Kwa Mtwara usilipie nyongeza ya vali hiyo. Usiku wa Julai, kusi ikivuma, mama anahitaji blanketi. Ingekuwa Makete au Njombe ningekushauri tofauti kabisa, kwa sababu kule watu wanalala na jiko la mkaa chumbani, na hewa ya mkaa inaua mtu usingizini bila harufu wala kelele.

Maji ya kuoga ndiyo sehemu ambayo hesabu inamkataa shemeji waziwazi. Ndoo ya lita 20 kuitoa nyuzi 25 kuipeleka 40 inahitaji kama yuniti 0.35 za umeme kwa hita ya kawaida. Kwa LUKU ya bei ya kawaida, 10,000 inakupa karibu yuniti 28, kwa hiyo ndoo hiyo ni shilingi 125. Pampu ya joto ingeipasha kwa shilingi 40 na kitu. Umeokoa 80. Mama akioga maji moto kila siku kwa miezi mitatu ya baridi, umeokoa kama 7,500. Mashine yenyewe, pamoja na tangi lake, inauzwa kwa mamilioni. Kwa hoteli kubwa, hospitali au bweni la shule ningekaa tupige hesabu kwa makini. Kwa ndoo moja ya mama, jaza dumu jeusi saa nne asubuhi, liweke juani lilipokingwa upepo, na saa kumi jioni maji yatakuwa tayari. Ukitaka cha kudumu, hita ya jua juu ya bati. Lile tu bomba la kuogea la umeme la papo kwa hapo usilikubali bila fundi umeme kukagua ethi ya nyumba, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Linavuta umeme mwingi sana, na maji na umeme vinakutana kichwani kwa mtu.

Turudi chumbani. Futi 12 kwa 12, dari ikiwa nzima, BTU 9,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya AC kupoza) zinatosha. Fundi wako wa kwanza anasema 18,000 itapoza haraka na kujizima, na hapo ndipo ubaya ulipo. Joto la Mtwara ni nusu ya tatizo, nusu nyingine ni unyevu. Angalia nguo zinavyokawia kukauka Januari, au chumvi inavyolowana kwenye kikopo. AC inakausha hewa kadiri inavyoendelea kufanya kazi: mvuke unagusa mapezi baridi ya mashine ya ndani, vile vibati vyembamba vilivyopangwa, unageuka maji, unatoka kwa mpira nje. Nimewahi kuweka ndoo ya lita 10 chini ya mpira ule katika chumba kimoja masika ya mvua, nikaikuta imejaa kabla ya adhana ya alfajiri. Maji yote hayo yalikuwa yanaelea chumbani! Mashine kubwa kupita kiasi inapoza hewa kwa dakika chache, inazima, unyevu unabaki. Mama atalala kwenye baridi ya pangoni, shuka limeshika maji. Willis Carrier alipobuni mtambo wake Marekani mwaka 1902, ulikuwa wa kiwanda cha uchapaji, kazi yake kutoa unyevu ulioharibu karatasi. Kukausha ndiko kulikoanza, starehe ya watu ikafuata.

Kwa sababu hiyo hiyo feni ya maji imekushinda. Inapoza kwa kukausha maji, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Dodoma, hewa kavu, inasaidia. Pwani hewa imeshashiba, haipokei tena, na wewe ukafunga dirisha ukaiongezea barafu. Umemtengenezea mama mvuke wa kujifukizia.

Fundi wa pili amechanganya inveta mbili. Ile ya betri na sola inageuza umeme wa betri uendeshe vyombo vya nyumbani. Ya kwenye AC ni bodi inayopunguza mwendo wa kompresa. AC ya zamani inajua kuwaka au kuzima tu, kama bodaboda anayejua gesi yote na breki. Ya inveta inaanza kwa kasi, chumba kikipoa inatambaa polepole, na hapo inakula kidogo sana. Inahitaji LUKU kama kawaida. Lakini inunue hiyo, kwa sababu usiku mzima ni mwendo wa kutambaa. Pia haishtui umeme wakati wa kuwaka.

Sasa hofu yako, LUKU. Kama mna friji na hamfiki 10,000, basi mko kundi la wateja wadogo, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, bei shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi. Hili mafundi na wauzaji hawakwambii. AC ya inveta ya 9,000, ikiwekwa nyuzi 26, kuanzia saa tatu usiku hadi kumi na mbili asubuhi, itakula kama yuniti tatu na nusu. Kwa mwezi ni zaidi ya mia. Mtavuka 75, na mkiendelea kuvuka mtahamishiwa bei ya kawaida, na hapo hata friji na taa za zamani mtazilipia kwa bei mpya, kama 357 kwa yuniti. Piga hesabu: yuniti 65 za sasa, ongeza 105 za AC, ni 170. Ni shilingi 60,000 kwa mwezi wa joto. Kutoka chini ya 10,000! Bora ulijue sasa kuliko mita ikulilie usiku wa manane.

Sikutishi usinunue. Nakwambia pesa ya kwanza isiende kwenye AC, iende juu ya kichwa cha mama. Panda kiti saa nane mchana, weka kiganja kwenye silingi bodi. Kama hukai nacho pale, umempata adui. Bati linashika moto, linaushusha kwenye dari, na dari inaendelea kuumwaga kitandani mpaka usiku. Weka karatasi ya alumini ya kuakisi joto chini ya bati, au juu ya silingi bodi, na toboa matundu yenye wavu kwenye fishabodi (ubao wa pembezoni mwa paa) pande zote mbili ili hewa ya moto ipite. Bati likipakwa rangi nyeupe linapoa zaidi. Wazee wa Mikindani walijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, paa la makuti, na hawakuwa wajinga. Sisi tumehamia bati halafu tunaulizana joto limetoka wapi.

Baada ya hapo funga pangaboi. Linakula wati 60 au 75, usiku mzima kama shilingi 200 hata kwa bei ya kawaida. Halipozi chumba, linampoza mtu kwa kumkausha jasho, kwa hiyo akitoka lizime. Lala nalo wiki mbili, na madirisha wazi nyuma ya wavu wa mbu. Nimeona nyumba mbili tatu za pale kwenu ambazo safari ya AC iliishia hapo. Kama mama bado anahangaika, subirini fedha za korosho zitoke mnunue AC, na pangaboi libaki likizunguka polepole. Ukiwa nalo, nyuzi 27 zinamtosha mtu aliyetaka 24. Na usimruhusu mjukuu kuweka 16 "ipoe haraka". Haipoi haraka zaidi, inachelewa tu kupumzika.

Luva zako lazima zizibwe. Kioo na kioo vina nafasi, na chumba chenye luva ukikiwekea AC unaipoza Bahari ya Hindi. Fundi aluminiamu akuwekee dirisha la kuteleza upande mmoja, mwingine ufungwe kabisa kwa plastiki nzito au kioo kizima. Chini ya mlango weka kitambaa.

Kuhusu kichomi, AC haileti ugonjwa wa mapafu kwa ubaridi wake. Inayoumiza ni AC chafu, yenye ukungu kwenye chujio, na AC inayompulizia mzee kifuani usiku kucha. Ifungwe ubavuni mwa kitanda, mabawa yaelekee juu, na chujio lioshwe kwa maji kila wiki mbili, kazi ya dakika tano unayoweza mwenyewe. Kama mama ana pumu au kikohozi cha muda mrefu, daktari aseme kwanza.

Shangani ina ubaya mmoja ambao duka la Dar halikuambii, nao ni chumvi. Mwaka fulani niliitwa na mteja aliyefungiwa mashine ya nje ukuta unaotazama bahari. Ilikuwa na miaka miwili. Nilipogusa mapezi yake kwa kidole yalimomonyoka kama majivu ya sigara. Mashine ya nje ikae upande uliokingwa na upepo wa bahari, juu ya mabano yaliyopakwa rangi, kivulini lakini pasipozibwa. Ukiifungia kwenye baraza ndogo itameza joto lake yenyewe. Chagua yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya bluu au dhahabu, na kila mwezi imwagie maji baridi taratibu, imezimwa. Ziba matundu ya nyaya pia: mjusi kafiri akiingia kwenye bodi kujipasha, anakufa yeye na bodi.

Usinunue ya mtumba yenye gesi ya R-22, hata wakikupa kwa nusu ya bei. Gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu ozoni, na ikivuja miaka ijayo utaitafuta kwa tochi.

Siku ya kufunga, simama pale. Muulize fundi kama amekuja na vakyumu pampu na geji. Kabla ya kufungulia gesi lazima atoe hewa na unyevu kwenye mabomba kwa pampu hiyo, si chini ya dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha asubiri aone kama sindano ya geji inapanda. Akikuambia "tunaisukuma kwa gesi yake kidogo, inatosha", mshukuru, mpe nauli, aende. R-32 inaweza kushika moto ikivuja mahali palipofungwa, kwa hiyo sigara iwe mbali. Laini ya AC itoke moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme, waya wa milimita za mraba 2.5, breka yake pekee, ethi iliyopimwa. Ekstensheni hapana. Na weka kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha kuwaka dakika chache, maana umeme wetu ukikatika hurudi ukicheza, na huko kurudi ndiko kunakochoma bodi.

Mwambie shemeji yuko sahihi kwa Uswidi. Kama anataka kumsaidia mama yake, atume pesa ya karatasi ya alumini na fundi wa dari, ni nafuu kuliko anachofikiria. Na ile feni ya maji, kama risiti bado unayo, mrudishie muuzaji leo. Akikataa, toa maji, itumie kama feni kavu.